Masilamani Amlilia Thiruvarasan

Habari ya kifo cha Thiruvarasan ilimkuta mlinzi Masilamani getini, amesimama na daftari la zamu mkononi. Wanawake wa kiwanda cha nyuzi walikuwa wakishuka kwenye basi la asubuhi, wakisukumana na kutaniana kama kawaida yao, asumini mbichi kwenye nywele. Mmoja wao, mama mnene aitwaye Rakkammal, akatazama simu yake, akaganda palepale mlangoni mwa basi. Waliokuwa nyuma wakamgonga mgongoni.

"We Rakku, shuka basi! Umeota mizizi?"

"Mwalimu amekufa," Rakkammal akasema.

Hakuna aliyeuliza mwalimu yupi. Kwa miaka arobaini, kutoka Chennai mpaka ncha ya kusini ya nchi ya Watamil, mtu akisema Mwalimu bila kuongeza jina alikuwa akimsema mmoja tu: Thiruvarasan, mtunzi wa muziki wa filamu. Watu walisahau majina ya filamu, wakasahau nani aliigiza na nani alimwoa nani, lakini nyimbo zake zilibaki. Zilikuwa zikipigwa harusini na msibani, kwenye mabasi, kwenye vibanda vya chai, na humohumo kiwandani, kina mama wakizifuatisha kwa midomo tu kwa sababu kelele za mashine hazikuruhusu kusikia sauti.

Rakkammal akaketi kwenye kidato cha basi, akaanza kujipiga kifua. Wengine wakamzunguka, wakalia naye. Msimamizi akatoka mbio, mdomo umeshajaa maneno ya kufoka, alipoambiwa akavua miwani, akaipangusa kwenye shati, akarudi ndani. Zamu ilichelewa saa nzima siku hiyo na hakuna aliyeandikiwa barua ya onyo.

Masilamani hakulia. Alikuwa mzee wa miaka sitini na minne, mrefu, mwenye masharubu meupe yaliyochanwa vizuri. Alifunga daftari akalibana kwapani.

"Mzee Masila, nawe huna hata chozi?" Rakkammal akamuuliza kwa uchungu. "Wewe? Wewe wa duka la kanda?"

"Nipisheni nifunge geti," akasema.

Hilo duka la kanda ndilo lililokuwa maisha yake. Baba yake alikuwa mhunzi wa makufuli, kazi ambayo mji wa Dindigul unajulikana kwayo, na alitaka mwanawe ashike tupa na nyundo. Masilamani akashika redio. Alipofika miaka ishirini na miwili alifungua chumba kimoja karibu na stendi ya mabasi, akaweka mashine mbili za kurekodi, akaandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu: SAUTI YA THIRU. Watu walikuja na karatasi zilizochanwa kwenye madaftari ya shule, wameorodhesha nyimbo kumi na mbili wanazozitaka, naye akawarekodia kwenye kanda tupu. Siku mbili baadaye walirudi kuichukua.

Wapo waliokuwa wakifanya kazi hiyo mji mzima, lakini Masilamani alikuwa na mkono wake. Hakurekodi nyimbo kwa mpangilio wa karatasi. Aliziketisha kwanza kichwani, akajua ipi ifuate ipi, ipi isikae karibu na ipi, ipi ifunge upande wa kwanza ili msikilizaji ainuke mwenyewe kugeuza kanda. Mtu akileta orodha yenye wimbo wa kubembeleza mtoto na mara baada yake ngoma za mapigano, Masilamani alimrudishia karatasi. "Huyu mtoto umemlaza, mara unampigia ngoma sikioni. Una akili kweli?" Watu walicheka, wakakubali.

Alizijua siri za mji kupitia karatasi zile. Kijana aliyeandika wimbo uleule mara mbili alikuwa amependa. Msichana aliyetuma mdogo wake wa kike achukue kanda alikuwa ameposwa na mwingine. Masilamani hakusema kitu. Mwaka mmoja msichana wa ukoo wa wenye mashamba alitoroka na fundi baiskeli. Wajomba zake wakagundua kwamba wawili wale walikuwa wakipelekeana ujumbe kwa kanda za duka lile. Wakaja na magongo, wakavunja mlango wa kioo, wakamkamata Masilamani ukosi. Alijua wawili wale wamepanda basi gani. Hakuwaambia. Alikaa wiki mbili na jicho limevimba, na mji mzima ukampenda zaidi.

Mkewe Kayalvizhi naye alimpata kwa karatasi. Alikuwa binti wa karani wa posta, mwenye mwandiko wa kupendeza, aliyeleta orodha ya nyimbo kumi na moja badala ya kumi na mbili. "Moja chagua mwenyewe," akamwambia. Masilamani alihangaika na ule wimbo mmoja siku nne. Walioana baada ya mavuno, wakapata mtoto mmoja, binti, wakamwita Poonkodi. Mtoto yule alijifunza kutembea akijishikilia kwenye spika.

Kisha kanda zikafa. Zikaja sahani za CD, zikaja simu, na mtu hakuhitaji tena kumwomba mwingine ampangie nyimbo. Masilamani alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akashusha mlango wa bati, akahamishia kanda zake nyumbani, akachukua kazi ya ulinzi kiwandani. Hilo alilimeza. Lililofuata hakulimeza.

Poonkodi alikwenda Chennai kusoma uhasibu, na huko akampenda fundi umeme aitwaye Devasahayam, Mkristo, wa tabaka ambalo ndugu za Masilamani hawakuwahi kula nalo. Alikuja nyumbani kumwambia baba yake mwenyewe, bila woga, kwa sababu alikuwa amekua akisikia hadithi ya jicho lililovimba. Alidhani anamjua baba yake. Masilamani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia: "Ukitoka mlangoni kumfuata, usinigeuzie uso tena." Alitoka. Ilikuwa miaka saba imepita tangu siku hiyo. Miaka mitatu iliyopita Kayalvizhi alikufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo, na tangu hapo nyumbani kwa Masilamani hakukuwahi kusikika wimbo.

Alasiri ya siku ile ya habari, alipotoka kazini, alikuta njia panda ya stendi imejaa watu. Mashabiki walikuwa wamesimamisha picha kubwa ya Thiruvarasan, ndefu kuliko mlango, wameivisha shada la maua ya manjano na kuwasha kafuri chini yake. Maduka yalikuwa yamefungwa. Vijana waliokuwa hawajazaliwa wakati nyimbo zile zinatoka walikuwa wamefunga vitambaa vyeusi mikononi. Na katikati yao, ameketi kwenye kigoda, alikuwa kinyozi Karuppaiah, mwenyekiti wa chama cha mashabiki na rafiki wa Masilamani tangu utotoni. Karuppaiah alikuwa ananyoa vichwa vya watu bure, wanaume kwa foleni, kama watoto wanavyonyoa vichwa kumwomboleza baba yao aliyekufa. Cha kwake alikuwa amekinyoa kabla ya wote.

"Umekuja," Karuppaiah akasema bila kuinua wembe. "Njoo utuokoe. Hawa wametaka kupigana."

Ugomvi ulikuwa juu ya wimbo. Spika zilikuwa tayari, lakini kila mmoja alitaka wake. Mmoja aliutaka wa mvua, mwingine wa treni, watatu waliutaka ule wa ndugu wawili, na kijana aliyeshika simu alikuwa ameshatukanwa mpaka uso ukamwiva.

"Mzee Masila achague!" mtu akapaza sauti. "Nani mwingine?"

"Sichagui mimi," Masilamani akasema. "Siku hizi sisikilizi."

"Leo si siku ya madaha, bwana," Karuppaiah akamwambia kwa sauti ya chini. "Watu wamefiwa. Fanya kazi yako."

Basi akasimama pale, macho kwenye vumbi, wote wakimngoja. Kisha akamtajia kijana wimbo ambao hakuna aliyekuwa ameufikiria, wa filamu iliyoanguka sokoni wiki ya kwanza, wimbo usio na ngoma hata moja: filimbi, na sauti ya mwanamke anayeita mtoto aingie ndani kabla mvua haijaanza. Filimbi ilipoanza, njia panda yote ikanyamaza. Mwanamume mmoja mwenye kichwa kilichonyolewa nusu akaanza kulia kwa sauti, na hapo wote wakaachia.

Simu ya Masilamani ikalia mfukoni. Namba hakuijua. Akasogea mpaka kwenye ukuta wa benki, kidole kimoja kimeziba sikio.

"Baba."

Akaikandamiza simu sikioni.

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia."

"Nalia tangu asubuhi. Deva ananiuliza, kwani alikuwa ndugu yako? Sina la kumjibu." Sauti ya Poonkodi ilikuwa imekauka. "Mama angekuwepo ningempigia yeye. Hayupo. Sina mwingine wa kumpigia ambaye ataelewa."

Masilamani alitafuta neno. Lililokuja lilikuwa lile ambalo kila mzazi wa kwao huuliza mtoto wake, hata nyumba ikiwa inaungua.

"Umekula?"

Upande wa pili kikatoka kicheko kidogo kisicho na furaha. "Miaka saba, baba, na swali ndilo hilo? Sijala."

"Kula. Kesho nakuja kwa treni ya asubuhi. Nakuja kumzika Mwalimu."

"Kumzika Mwalimu," Poonkodi akarudia. "Haya. Mimi nitakuwa mtaa wa Kodambakkam, mbele ya studio ya zamani ya filamu. Msafara utapita hapo."

Karuppaiah alikwenda naye. Behewa lilijaa mashabiki tangu Madurai, wengi wamenyoa vipara, na kina mama walikuwa wameleta idli, vikate vya mchele vilivyopikwa kwa mvuke, zilizofungwa kwenye majani ya mgomba wakizigawa kwa yeyote aliyenyoosha mkono. Waliimba kutoka stesheni hadi stesheni. Masilamani aliketi dirishani, akitazama minazi ikirudi nyuma.

"Unaogopa," Karuppaiah akamwambia.

"Namwogopa nani?"

"Mtoto wako. Na una haki ya kuogopa." Karuppaiah alimega idli, akatafuna taratibu. "Nitakuambia neno ambalo nimelikalia miaka saba, ukitaka unishushe stesheni ya Villupuram. Ulipigwa kwa ajili ya mtoto wa watu. Jicho likawa kama embe. Wa kwako alipokuja kukuomba hilohilo, ukawa wewe ndiye mjomba mwenye gongo."

Masilamani aligeuza uso dirishani kwa hasira. Wakasafiri hivyo saa mbili nzima bila kusemezana. Walipokaribia Chennai, Masilamani akanyoosha mkono, akachukua idli moja kwenye jani la rafiki yake.

Kodambakkam haikupitika. Watu walikuwa juu ya kuta, juu ya mapaa, juu ya miti, wameshika picha walizokata magazetini. Polisi walivuta kamba pande mbili za barabara. Jua lilichoma, na wenye nyumba walikuwa wakimwaga maji kwa ndoo kutoka ghorofani ili watu wasizimie. Masilamani alimpoteza Karuppaiah baada ya hatua kumi. Alijipenyeza, akiomba radhi, mpaka akaliona geti la studio lenye kutu, na chini yake mwanamke mwembamba wa sari nyeupe ya pamba, ameshika kamba ya polisi kwa mikono miwili. Alikuwa na kipaji cha uso cha Kayalvizhi. Masilamani hakuwa amejiandaa kwa hilo.

Poonkodi alimwona. Hakumgusa miguu kwa heshima, wala hakumkimbilia. Alisogea kidogo tu, akampa nafasi kwenye kamba.

"Umekonda," akasema.

"Na wewe. Umekuja peke yako?"

"Deva yuko kazini. Mtoto nimemwacha kwa mama mkwe."

"Mtoto?"

"Wa kike. Ana miaka minne." Alimtazama vizuri sasa. "Mama hakukuambia. Hata hilo hukuambiwa."

Wakati huo kelele zikapanda kutoka mwisho wa barabara, na ngoma za msiba zikasikika, na gari lililobeba mwili likaja polepole, limefunikwa maua mpaka magurudumu hayaonekani. Watu waliimba, si wimbo mmoja, bali nyimbo kumi kwa pamoja, zikigongana. Masilamani alijinyoosha kwa vidole vya miguu. Hakuuona uso. Aliona ukingo wa shuka nyeupe na mkono wa mtu akifukuza nzi. Maua yakawapitia kichwani, gari likapita, na umati ukalifuata kama maji.

Wao wawili walibaki kwenye kamba.

"Mama alikuwa ananipigia kila Alhamisi," Poonkodi akasema, akitazama barabara tupu iliyotapakaa maua. "Ukiwa zamu. Redio ikipiga wimbo mzuri alikuwa anaisogezea simu, tunasikiliza wote, hatusemi kitu. Kisha Alhamisi moja hakupiga. Ya pili hakupiga. Siku ya tisa baada ya kifo ndipo jirani akaniambia. Siku ya tisa, baba. Mlikuwa mmeshamchoma, mmeshamwaga majivu. Uliwakataza watu wasiniambie."

"Niliwakataza."

"Kwa nini?"

Masilamani alikuwa na majibu mengi aliyokuwa akijipa miaka mitatu. Yote yaliyeyuka. "Niliona haya," akasema. "Ungeingia ndani, ungelia, na kila mtu angejua kwamba nilikunyima mama yako akiwa hai. Sikutaka wanione."

Poonkodi alitikisa kichwa taratibu. "Leo nimemlilia Mwalimu katikati ya barabara na hakuna aliyenishangaa. Wamenipa maji, wamenipa kivuli. Mama yangu nilimlilia bafuni, bomba nimelifungua, mama mkwe asisikie."

Hapo ndipo Masilamani alipolia. Hakulia kimyakimya. Aliketi kwenye ukingo wa barabara juu ya maua yaliyokanyagwa, akalia kwa sauti kubwa mbaya ambayo hakuwahi kuitoa hata siku ya kumchoma mkewe. Akaita jina la Kayalvizhi. Vijana watatu wenye vitambaa vyeusi wakaja wakamshika mabega. Mmoja alikuwa na chupa ya maji.

"Pole, mzee wetu. Kunywa. Sote tumefiwa."

Poonkodi hakuwasahihisha. Alisimama kando muda mrefu, mikono ameikunja, akimtazama. Kisha akachuchumaa, akachukua chupa kwa yule kijana, akamshikia baba yake akanywa.

Hakumpeleka kwake siku ile. Alimsindikiza mpaka stesheni ya Egmore, ambako Karuppaiah alikuwa akiwangoja, kandambili moja imepotea, kipara kimeiva kwa jua. Kabla hawajaachana, Poonkodi akasema: "Majivu mliyamwaga wapi?"

"Mto Vaigai. Upande wa Anaipatti."

"Nitakuja. Utanionyesha."

Alikuja baada ya majuma matano, pamoja na Devasahayam na mtoto. Mto ulikuwa umepungua, maji hayafiki magoti, na nyati wa kufugwa walikuwa wamelala matopeni upande wa juu. Devasahayam, mtu mkimya mwenye vidole vyenye makovu ya nyaya, alimsalimia Masilamani kwa mikono iliyounganishwa, kisha akambeba mtoto wakaenda kutazama nyati, akawaacha.

"Hapa?" Poonkodi akauliza.

"Mbele kidogo. Kwenye lile jiwe."

"Ulikuja na nani?"

"Karuppaiah. Na kaka zake mama yako wawili."

"Mlimvisha sari gani?"

"Ya kijani. Ile yenye upindo wa dhahabu."

"Alisema nini siku ile? Asubuhi?"

"Alisema mchele umekwisha. Nikamwambia nitaleta jioni. Nilipofika kazini nikapigiwa simu."

"Aliumia?"

"Daktari alisema ilikuwa haraka. Mimi sijui. Sikuwepo."

Aliuliza kila kitu, kimoja baada ya kingine, nani alimwosha, nani alimfunga nywele, kulikuwa na mvua au jua, na Masilamani alijibu kila kitu bila kujitetea. Maswali yalipokwisha, Poonkodi alipandisha sari yake kidogo, akaingia majini mpaka kwenye jiwe. Alisimama huko akiwa amempa baba yake mgongo. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Masilamani alitaka kumfuata, kisha akabaki ukingoni, akashika viatu vya binti yake.

Hakuna siku Poonkodi aliyosema kwamba amemsamehe, wala Masilamani hakuthubutu kumuuliza. Siku ile walikula pamoja chini ya daraja, wali wa ukwaju uliopikwa na mama yake Devasahayam, na Masilamani akala mpaka jani la mgomba likabaki tupu. Mtoto aliyaogopa masharubu ya babu yake, akakataa kumkaribia mpaka walipokuwa wanaondoka, ndipo akayagusa kwa kidole kimoja.